Maonyesho Makubwa Katika Mji wa Jangwani

Kila mwaka, siku chache baada ya sikukuu ya Mwaka Mpya, maelfu ya watu kutoka pande zote za dunia hushika njia ya kwenda Las Vegas, mji ulio katika jimbo la Nevada, upande wa magharibi wa Marekani. Mji huo umejulikana kwa kamari tangu mwaka wa 1931, jimbo lilipoihalalisha kwa sheria. Watu hawa hawaendi kucheza kamari, ingawa wengine hujikuta wameicheza. Huenda kutazama vyombo: televisheni, simu, majokofu, magari, vyombo vya kupimia mapigo ya moyo, na siku hizi hata matrekta. Maonyesho hayo huitwa CES. Hayana ng'ombe wala mahindi, wala bendi ya askari polisi, lakini mtu aliyezoea maonyesho ya kilimo ya Nairobi au Nakuru atayatambua upesi. Kuna vibanda, kuna zawadi za ushindi, na kuna wenye mali wanaoapa kwamba mali yao ni bora kuliko ya jirani.

Mgeni atokaye Kenya hufika akiwa hajui kama ni usiku au mchana. Katika mwezi wa Januari saa za Las Vegas ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa kumi na moja. Basi makarani wa Nairobi wanapofunga ofisi saa kumi na moja ya jioni, kule ni saa kumi na mbili ya asubuhi ya siku ile ile. Kabla hajauona mzigo wake, mgeni huona mashine za kamari zimepangwa mle mle ndani ya kiwanja cha ndege, zinamulika na kulia kengele, na watu wameketi mbele yake kana kwamba wako kazini. Akitoka nje hukutana na baridi. Msomaji asidhani kuwa jangwa ni joto siku zote. Usiku wa Januari baridi ya huko hukaribia kugandisha maji, na aliyekuja na shati la mikono mifupi hujuta. Hujuta tena afikapo hotelini, maana bei za vyumba hupanda sana kwa juma hilo moja.

Swali la kwanza la mkulima mahali kama pale lingekuwa ni hili: maji hutoka wapi? Jina la Las Vegas ni la Kihispania, na maana yake ni mbuga za malisho, kwa sababu zamani palikuwa na chemchemi na majani mabichi katikati ya ukavu. Kampuni ya reli iliuza viwanja vya mji kwa mnada mwaka wa 1905, na watu walipozidi, chemchemi zilikauka. Mvua ya mwaka mzima ni kama inchi nne tu, pungufu hata kuliko ile ya Lodwar. Karibu sehemu tisa katika kumi za maji ya mji hutoka mto Colorado, uliozuiwa katika miaka ya 1930 kwa ukuta wa zege uitwao Hoover Dam, wenye kimo cha futi 726. Mwaka wa 2022 ziwa lililo nyuma ya ukuta huo lilishuka chini kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa. Maji yatumikayo ndani ya nyumba na mahoteli husafishwa na kurudishwa ziwani, na sheria ya mwaka wa 2021 iliagiza kwamba majani ya mapambo tu, kama yale ya kandokando ya barabara na mbele ya maofisi, yasinyweshwe tena maji ya mto huo baada ya mwaka wa 2026. Na mji huo huo unaong'oa majani yake una hoteli yenye mifereji na mashua ndani ya nyumba, kwa kuigiza mji wa Venice wa Italia. Sehemu moja ya maonyesho hufanyika katika hoteli hiyo.

Maonyesho yenyewe hayakuanzia huko. Ya kwanza yalifanywa New York mwezi wa Juni 1967, na watu 17,500 walihudhuria. Kwa miaka mingi yalifanywa mara mbili kila mwaka, Las Vegas wakati wa baridi na Chicago wakati wa joto, lakini tangu mwaka wa 1998 yamebaki kuwa ya Las Vegas peke yake. Januari 2020 waliofika walizidi 170,000. Mwaka uliofuata hapakuwa na mkutano wowote wa watu kwa ajili ya ugonjwa wa korona, kila jambo likafanywa kwa intaneti. Mwaka wa 2024 walifika watu zaidi ya 138,000, na wenye vibanda walizidi 4,300, ambao zaidi ya 1,000 katika hao walitoka China. Nafasi iliyotumiwa ilikuwa futi za mraba milioni mbili na nusu, yaani kama ekari 57. Mwenye shamba la ukubwa huo ajua ni kazi gani kulizunguka kwa miguu, na shambani hasukumwi na watu kila hatua.

Si kila mtu aruhusiwaye kuingia. Raia wa kawaida hawana nafasi, wala watoto. Sharti mtu awe ametimiza miaka 18, na kazi yake iwe inahusiana na vyombo hivi. Awe mtengenezaji, au mwenye duka, au mhandisi, au mwandishi wa habari, au mtu wa fedha atafutaye mahali pa kuziweka. Kila mmoja hupewa kadi yenye jina lake na jina la kampuni yake, akaivaa shingoni. Kadi hiyo ni kitu kikubwa, kwa kuwa watu wa pale husoma kifua kabla ya kutazama uso. Aliyeandikwa jina la duka kubwa huvutiwa kiti na kupewa kahawa. Aliyeandikwa jina lisilojulikana hupewa karatasi ya matangazo na kalamu, akapita. Wala hakuna kununua. Mtu akipendezwa na taa au simu hawezi kutoa fedha na kuichukua, maana vitu vingi ni vielelezo tu, na vingine havijatengenezwa bado ila hicho kimoja kilicho mezani.

Katika jumba la katikati ndimo walimozoea kukaa wakubwa, yaani makampuni ya Korea, Japani na China yatengenezayo televisheni. Taa hupunguzwa makusudi ili vioo ving'ae. Mgeni huingia kama aingiaye pangoni, na mbele yake ukuta mzima ni picha itembeayo: maua yakichanua, samaki wa rangi, maporomoko ya maji. Hakuna mechi ya mpira iliyochezwa katika matope, wala uso wa mzee asomaye habari, ambavyo ndivyo watu watazamavyo nyumbani siku zote. Mwaka wa 2024 kampuni ya LG ilionyesha televisheni ya kioo kitupu: ikizimwa mtu huona kilicho nyuma yake kama aonavyo dirishani, na ikiwashwa picha huelea hewani. Ni kitu kizuri mno, na watu walisimama mbele yake midomo wazi.

Walakini mwaka wa 2010 midomo ilikuwa wazi vilevile. Wakati huo makampuni makubwa yalileta televisheni za kutazamwa kwa miwani maalumu, ambazo picha zake zilionekana kutoka ndani ya kioo na kumfuata mtu kitini. Ilisemwa kwamba hiyo ndiyo televisheni ya siku za usoni, na wengi walinunua. Ilipofika mwaka wa 2017 watengenezaji wakubwa wa mwisho walikuwa wamekwisha kuziacha, na miwani ile sasa imelala katika madawati ya watu pamoja na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani.

Jumba hilo hilo lilipata mkasa ambao husimuliwa hata leo. Januari 2018 mvua kubwa ilinyesha Las Vegas baada ya zaidi ya siku mia moja pasipo tone. Mji ule haukujengwa kwa kutazamia mvua. Banda moja kubwa lililokuwa limejengwa nje, katika kiwanja cha kuwekea magari, lilifungwa siku ya kwanza kwa ajili ya maji. Kesho yake, tarehe 10, yapata saa tano na robo ya asubuhi, umeme ukakatika. Ukuta baada ya ukuta ukawa mweusi. Muziki ukanyamaza, vipaza sauti vikafa katikati ya neno, na watu wakawasha taa za simu zao ili waone pa kukanyaga. Walinzi wakasimama milangoni wakizuia watu wasiingie, na waliokuwa ndani wakaombwa kutoka. Muda wa saa mbili hivi maonyesho makubwa ya vyombo vya umeme katika Marekani hayakuwa na umeme.

Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mafupi: unyevu uliotokana na mvua ile ulileta hitilafu katika transfoma moja. Mtu wa Kisumu au Machakos asingeshangaa sana. Angetafuta mshumaa, akaendelea na shughuli zake. Lakini kwa mtazamaji mwenye makini saa mbili zile zilikuwa na manufaa kuliko hotuba nyingi. Vyombo vilivyokuwa vikisifiwa asubuhi kwamba vina akili viligeuka kuwa samani tu. Chombo hukaa muda gani bila umeme wa ukutani? Mnunuzi wa Kenya, hasa aliye mbali na mji, swali hilo ndilo angelianza nalo.

Sehemu za vyombo vya nyumbani humfanya mgeni acheke na kustaajabu kwa zamu. Mwaka wa 2013 ulionyeshwa uma wa kulia chakula utetemekao mkononi mwa mtu alaye haraka. Walao kwa vidole hawakufikiriwa. Mwaka wa 2016 Samsung ilileta jokofu lenye kamera ndani, ili mtu aliye dukani atazame kwa simu kama mayai yamekwisha nyumbani. Mwaka wa 2019 Kohler ilionyesha choo kiamriwacho kwa maneno. Tena palikuwa na kabati la Kijapani liitwalo Laundroid, lililokunja nguo lenyewe. Fulana moja ilichukua dakika kadha, na bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Mtoto wa shule angekuwa amemaliza kapu zima. Kampuni iliyolitengeneza ilifilisika mwaka wa 2019.

Hata hivyo si haki kucheka tu. Katika vibanda visivyo na muziki mna vyombo vya kumpima mgonjwa wa moyo akiwa kwake nyumbani, na mwaka wa 2024 ilionyeshwa miwani yenye visikizio ndani yake, ili mtu ambaye masikio yake yamechoka amsikie azungumzaye mbele yake, pasipo kuvaa kitu cha kumtia haya. Kwa mzee aliyezoea kutikisa kichwa na kutabasamu bila kujua kilichosemwa, kitu kidogo kama hicho ni kikubwa kuliko ukuta mzima wa samaki wa rangi.

Wala si kila jambo kubwa hupita Las Vegas. Januari 2007, maonyesho yalipokuwa yanaendelea, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipanda jukwaani San Francisco, mji mwingine kabisa, akaionyesha dunia simu ya iPhone. Watu waliosafiri mbali kuja kuona mambo mapya wakajikuta wanazungumza habari za kitu kisichokuwapo. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Machi, Safaricom ikaanzisha M-Pesa katika Kenya. Hiyo haikuwa na kioo cha kung'aa. Ilitumika kwa simu ndogo ya vifungo, na wakala mwenye daftari katika duka la sukari na sabuni, na kwa njia hiyo mtu wa Nairobi aliweza kumpelekea mama yake fedha kijijini bila kumpa dereva wa basi bahasha. Kama ingepewa kibanda katika maonyesho, yamkini watu wangeipita, kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama.

Kutoka jumba la katikati hata jumba la magharibi ni mwendo mrefu. Tangu mwaka wa 2021 kuna njia ya chini ya ardhi, kiasi cha futi 40 kwenda chini, ambamo magari ya umeme ya Tesla huchukua watu wachache wachache. Mradi ulipotangazwa ilisemwa kwamba magari hayo yatajiendesha yenyewe; yalipoanza kazi kila gari lilikuwa na dereva ameshika usukani. Safari ni ya dakika chache, na mgeni akitokeza juu tena amefika mahali pa magari na mitambo mikubwa.

Hapo mkulima wa Uasin Gishu angetua mzigo wake, maana mara nyingi hapo ndipo lilipokuwa banda la John Deere, kampuni ya yale matrekta ya kijani na manjano yajulikanayo sana katika mashamba ya ngano ya Kenya. Mwanzilishi wake alikuwa mhunzi, aliyefua plau ya feleji katika Illinois mwaka wa 1837, kwa sababu udongo mzito wa kule ulinata katika plau za zamani. Kampuni ilianza kuonyesha mitambo yake CES mwaka wa 2019. Wengine waliona ni ajabu kuikuta mashine ya kuvunia nafaka katikati ya simu na televisheni, lakini Januari 2023 mkuu wa kampuni, John May, alipewa nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu wa maonyesho, nafasi ambayo hapo awali haikupata kupewa kampuni ya kilimo.

Mwaka wa 2022 walionyesha trekta lisilohitaji dereva. Si mfano wa mbao. Ni trekta zima, magurudumu yake ya nyuma yampita mtu kwa kimo. Lina jozi sita za kamera zinazotazama pande zote. Mwenye shamba hulifikisha shambani, hulitengenezea kazi yake, kisha hushuka, hutelezesha kidole juu ya simu, na trekta huanza kulima. Njia yake huongozwa kwa setilaiti, lisipotoke hata inchi moja. Kamera zikiona kitu kisichotazamiwa, mathalan mbwa au tawi lililoanguka, trekta husimama na kumwita mwenyewe kwa simu. Naye aweza kuwa mezani kwake anakunywa chai. Mwaka wa 2025 walileta mtambo wa pili wa namna hiyo wenye kamera 16. Katika nchi ambayo wastani wa shamba moja ni zaidi ya ekari 400, na vijana hawapendi tena kazi ya kuketi juu ya trekta usiku kucha, si vigumu kuona ni nani atakayekitaka kitu hicho.

Lakini kilichomfaa zaidi mkulima mdogo kukitazama kilikuwa kingine, nacho kilionyeshwa mwaka wa 2023 kwa jina la ExactShot. Mashine ya kupandia hutambua kila mbegu iingiapo ardhini, na papo hapo hurusha mbolea juu ya mbegu hiyo peke yake, badala ya kuimwaga katika mstari mzima. Kampuni ilieleza kwamba mbolea ya kupandia hupungua kwa zaidi ya asilimia 60. Aliyenunua mbolea katika bei kali za mwaka wa 2022 hahitaji kufafanuliwa maana ya hesabu hiyo. Na ajabu yake ni kwamba wakulima wengi wadogo wa Kenya hulifanya jambo hilo hilo kwa kizibo cha chupa ya soda: kizibo kimoja cha mbolea kwa kila shimo, udongo kidogo juu yake, kisha mbegu. Wahandisi wa Marekani wamefika pale pale kwa kamera na kompyuta, tofauti ikiwa ni kwamba mashine yao haiinami wala haiumwi mgongo.

Swali lisilo na kibanda ni hili: trekta hilo likiharibika, nani atalitengeneza? Katika Marekani wakulima wamegombana na watengenezaji kwa miaka mingi juu ya jambo hilo. Trekta la sasa lina kompyuta ndani yake. Kitambuzi kimoja kikikosea, injini hupungua nguvu au hukataa kabisa kwenda, na programu ya kusoma na kufuta kosa hilo imekuwa mikononi mwa mafundi wa mawakala wa kampuni. Mtu aliyelipa mamia ya maelfu ya dola huketi ukingoni mwa shamba akimngoja fundi, na ngano imeiva, na mawingu yanakuja. Baba yake alikuwa akilifungua trekta lake mwenyewe chini ya mti kwa spana na nyundo. Ndipo wakulima wakauliza kama kweli wamenunua trekta, ama wamenunua ruhusa ya kulitumia.

Tarehe 8 Januari 2023, siku ile ile CES ya mwaka huo ilipofungwa, John Deere ilitia sahihi mapatano na chama kikubwa cha wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation, kuahidi kwamba wakulima na mafundi wao watapata vitabu na vifaa vya kutengenezea. Mapatano hayo hayakutiwa sahihi Las Vegas. Yalitiwa katika mkutano wa wakulima uliokuwa Puerto Rico. Miezi mitatu baadaye jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kuwapa wakulima haki hiyo, la kwanza kufanya hivyo kwa mitambo ya kilimo. Januari 2025 serikali kuu ya Marekani, pamoja na majimbo kadha, iliishtaki kampuni mahakamani juu ya jambo lilo hilo, nayo kampuni ikayakana mashtaka. Yule mhunzi wa 1837 aliuza plau ambayo mhunzi mwingine yeyote aliweza kuifua upya.

Ugonjwa huu si wa matrekta peke yake. Tangu mwaka wa 2021 vikundi vinavyotetea haki ya watu kutengeneza vyombo vyao hutangaza kila Januari tuzo la aibu kwa vyombo vibaya vilivyoletwa katika maonyesho: visivyofunguka, vinavyowapeleleza watu majumbani mwao, na vitakavyokufa siku kampuni itakapoamua kutovihudumia tena. Fundi wa simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, mwenye bisibisi na kioo cha kukuzia, angelielewa tuzo hilo pasipo kufasiriwa.

Jambo jingine lisiloonekana katika ekari 57 zile ni udongo ambamo vitu hutoka. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani, ambayo hutiwa katika betri za simu nyingi na magari mengi ya umeme, hutoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi. Mgeni aweza kuzunguka siku zote nne asione jina la Kolwezi mahali popote. Yapo makampuni yatengenezayo betri zisizohitaji kobalti, nayo hujisifu kwa bei na usalama wake.

Mahali penye uhai kuliko pote si katika majumba ya wakubwa, bali ni katika ukumbi uitwao Eureka Park, ulioanzishwa mwaka wa 2012 kwa ajili ya makampuni machanga, na ambao kwa miaka ya hivi karibuni umekuwa katika jumba lililoungana na ile hoteli ya mifereji na mashua. Mwaka wa 2024 makampuni hayo yalizidi 1,000. Hapana giza la makusudi wala maporomoko ya maji. Ni meza ndogo ndogo, zimesongamana kama za soko la Jumamosi, na nyuma ya kila meza vijana wawili watatu wamesimama tangu asubuhi, Wafaransa, Wakorea, Wajapani na wengineo. Huyu ana chombo cha kupima maji ya kunywa, huyu ana taa, huyu ana kofia ya kumsaidia mtu kulala. Wengine wameacha kazi za mshahara, na wengine wamekopa kwa jamaa zao. Hotuba yao ni ya dakika moja, nayo huirudia mara mia kwa siku, hata siku ya tatu sauti zimekauka na kila meza ina dawa ya kikohozi.

Macho yao hushuka upesi kifuani mwa kila apitaye. Mpitaji akiwa na kadi ya benki au ya duka kubwa, uchovu huondoka mara moja, chombo huinuliwa, na hotuba huanza upya. Mtu huyo huuliza maswali mawili, huchukua karatasi, huahidi kuandika, huenda zake. Vijana hutazamana. Mmoja huandika jina lake katika daftari, mwingine huipanga meza upya ingawa haikuharibika.

Siku ya nne, saa kumi ya jioni, maonyesho hufungwa. Muda mfupi baadaye mazulia yameanza kukunjwa, masanduku ya mbao yaliyofichwa juma zima yameletwa, na mafundi wenye kofia ngumu wanashusha vioo kutoka ukutani kimoja kimoja, vikiwa vyeusi vyote. Nje ya jumba la magharibi malori yamepanga foleni hata barabarani. Trekta lijiendeshalo lenyewe husukwa kwa minyororo juu ya mojawapo, minyororo hukazwa, hukaguliwa mara ya pili, na dereva wa lori hupanda, hufunga mlango, na kuanza safari ndefu ya usiku kupita jangwani.